Kushoto, Muone Kinachokuja

Mwalimu wetu wa darasa la tatu, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, alitufundisha kutembea kabla ya kutufundisha kugawanya. Tukitoka shule alitupanga mstari: "Kushoto, watoto, muone kinachokuja." Kwetu magari hupita kulia, hivyo wa miguu akishika kushoto anatazamana na hatari. (Wa Kasindi wana kazi zaidi: wakivuka kwenda Mpondwe, Uganda, yote yanageuka.)

Enzi hizo vilivyokuja vilikuwa vichache: lori, baiskeli, na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, kutoka milimani. Chukudu inayoshuka unaisikia kabla ya kuiona, mbao zikilia juu ya magurudumu ya mti yaliyovikwa raba ya tairi kuukuu. Mwenyewe amepiga goti moja juu ya kipande cha kandambili, mguu wa pili unaning'inia, na mbele yake kabichi zimefungwa hadi usawa wa kidevu. Kurudi, ataisukuma mlima mzima. Mwalimu alimpisha na kumwambia, "Pole na kazi, baba," nasi tukarudia kwa sauti moja.

Kisha zikaja pikipiki. Sizichukii. Zimesomesha watoto wa mtaa wetu, zimewafikisha wajawazito hospitalini usiku. Lakini ule ukingo tulioushika ukawa kituo chao, na kutembea kukawa aibu. Mtu mzima aliyeonekana kwa miguu aliulizwa kama amefilisika. Nami nilipopata mshahara niliacha kutembea, hata kwenda sokoni.

Mwalimu hakuacha. Pikipiki moja ilimgonga kwenye mteremko ikamvunja mguu. Alipopona alishika fimbo, akaanza kwenda kila mkutano wa mtaa. Aliomba jambo moja: njia ya wa miguu na wa baiskeli, pana kiasi cha mama mwenye mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kupishana na mtoto. Walimwitikia kwa heshima, wakaendelea na mengine.

Mimi nilianza kumwelewa siku za ville morte, mji ulipofungwa kwa uchungu wa mauaji ya Beni. Hakuna injini iliyowaka. Watu walitembea katikati ya barabara, wazee kwa vijana, na ukisimama ulisikia nyayo. Zilikuwa siku za majonzi, sitaki kuzipamba. Lakini nilitambua tulivyo wengi. Halafu Ebola ikatangazwa Mangina, tarehe 1 Agosti 2018. Kwenye vizuizi vya njia ya Beni wote tulishuka, mwenye gari na asiye nalo, tukanawa maji ya klorini, tukapimwa joto, tukapita kwa miguu mmoja mmoja.

Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua pale mpakani ujenzi wa barabara zetu, zikiwemo kilomita 54 za Beni hadi Butembo. Nilimpelekea mwalimu habari hiyo kwa furaha. Tumelamba vumbi na kukwama matopeni miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wa miguu wamewekwa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo naenda naye mikutanoni. Wiki iliyopita tulirudi jioni, tumeshika kushoto, yeye na fimbo yake. Chukudu ikashuka na mkaa, nyuma yake pikipiki tatu zikitafuta nafasi. Nilimshika mkono, tukaingia mtaroni.

"Pole na kazi, baba," akamwambia yule wa chukudu.