Akihabara kwa Mara ya Kwanza: Safari ya Kutafuta Vifuko vya Kadi

Treni ya Yamanote ikitoka Ueno hupita kituo kimoja tu, Okachimachi, kabla ya kuingia Akihabara. Tulishuka pamoja na umati, tukafuata mlango wa kutokea ulioandikwa Electric Town, tukapokelewa na mvua ya Juni. Mkobani nilikuwa na seti yangu ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering: kadi 60 za kuchezea na 15 za akiba, zote tupu, bila vifuko. Jioni ile nilikuwa niingie mashindano yangu ya kwanza, na mwenyeji wangu, Mtanga mwenzangu aliyenitangulia Japani kwa miaka mingi, alikuwa ameshaamua ratiba ya siku.

“Mdogo wangu, usikae mezani na kadi tupu. Kwanza twende tukazivishe.”

“Sawa, kaka,” nikamjibu, nikamfuata.

Akihabara ilipata umaarufu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wauzaji wa vipuri vya redio walipojazana karibu na stesheni. Jengo la Radio Kaikan, hatua chache kutoka mlangoni, bado linabeba kumbukumbu ya biashara ile, ingawa ghorofa zake sasa zimejaa sanamu za wahusika wa katuni na maduka ya kadi. Tulipanda juu kwa ngazi za umeme, tukaingia duka ambalo ukuta wake mzima ulikuwa wa vifuko vya kadi: vyeusi, vyekundu, vya bluu, vyenye picha za mashujaa wa katuni, vinavyong’aa na visivyong’aa. Nilisimama pale kwa furaha. Sikujua kwamba kitu kidogo hivi kimefikiriwa kwa kina namna hii.

Kijapani sikukijua, lakini vipimo vilisomeka. Kadi ya Magic, kama ya Pokémon, ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88, ya Yu-Gi-Oh! ni ndogo zaidi, 59 kwa 86. Kwa hiyo vifuko huuzwa kwa saizi mbili kuu: vidogo vya milimita 62 kwa 89, na vya kawaida vya takriban 66 kwa 91. Kadi ya Magic haiingii katika vidogo, na ya Yu-Gi-Oh! ikitiwa katika vikubwa hucheza ndani, kingo zikagongwa na kuchakaa.

Kisha kaka akanionyesha jambo ambalo ndilo kiini cha safari ile. Alichukua pakiti, akaigeuza, akasema: “Watu wengi huangalia mbele. Wewe anza na mgongo.”

Mchezo wa Magic, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, unasimama juu ya sharti moja: kadi iliyolala kifudifudi isijulikane. Sharti hilo lilipata mtihani mapema. Kadi za toleo la kwanza kabisa, liitwalo Alpha, zilikatwa pembe za mviringo zaidi kuliko zilizofuata, hata mtu akiona kona tu anaitambua. Kanuni zinaziruhusu mashindanoni zikiwa ndani ya vifuko vyenye mgongo usioonyesha kilicho ndani. Mwaka 2011 toleo la Innistrad likaleta kadi zenye picha pande zote mbili, nazo zikahitaji mgongo wa kuzifunika. Seti yangu ilikuwa nazo kadhaa. Kifuko basi ni kama sare ya shule: mtoto wa tajiri na wa maskini wakipita langoni, asionekane tofauti yeyote.

Ndiyo maana kanuni zinataka vifuko vyote vifanane na kadi ziingizwe kwa namna moja. Mgongo unaoakisi kama kioo hukataliwa, kwa sababu unaweza kumwonyesha mchezaji kadi anazogawa. Kifuko kilichokunjika kona au kuchanika ni alama tayari, na mwamuzi anaweza kuamuru kibadilishwe.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Vifuko laini vinavyong’aa hushikamana kwenye unyevu, na Juni ya Tokyo ina unyevu ambao mtu wa pwani yetu anaujua vizuri. Vyenye mgongo usiong’aa huteleza na kuchangika kwa urahisi. Tulilinganisha vya KMC ya Japani na Dragon Shield ya Denmark. Vya KMC vilikuwa 80 kwenye pakiti, vya Dragon Shield 100. Kwa kadi 75, pakiti ya kwanza ingeniachia akiba ya 5, ya pili 25. Hesabu hiyo ina uzito, kwa kuwa rangi ya pakiti moja huweza kupishana kidogo na ya nyingine, na kifuko kikipasuka ni lazima mbadala wake ufanane nacho kabisa. Nikachukua Dragon Shield nyeusi, zisizong’aa.

Tulikaa kwenye meza za kuchezea, tukazivisha moja moja. Kaka aliiinua seti nzima kwenye mwanga, akaikagua ubavuni, akatafuta kadi iliyopinda, kwani kadi za kumetameta hujikunja kwa unyevu na kifuko hakifichi mkunjo huo.

Jioni mpinzani wangu alikuwa kijana mwenye shati jeupe la ofisini. Akainama, akanisalimia: “Onegaishimasu.” Nikainama pia. Nilichanga kadi zangu, nikamkabidhi, naye akazichanga tena kwa ncha za vidole kama kanuni zinavyomruhusu. Mimi nikachanga zake. Alinishinda michezo miwili kwa mmoja, na hakuna aliyelazimika kumwita mwamuzi.

Leo mchezaji mpya akiniuliza anunue kifuko gani, ninamwambia achague saizi sahihi, mgongo wa rangi moja usioonyesha kilicho ndani wala kung’aa, na akiba ya kutosha kutoka pakiti ileile. Kisha avibadilishe vyote kabla havijachakaa. Thamani ya kadi italindwa, na ni vizuri ilindwe. Lakini ninayemfikiria zaidi ni yule anayekaa upande wa pili wa meza, ambaye hanijui na bado ananiachia nichange kadi zake. Yeye anastahili kuwa na hakika kwamba migongo ya kadi zangu haisemi chochote.