Kila Mlima na Chura Wake

Ukiwa Ifakara siku isiyo na ukungu, unaona milima pande mbili: Udzungwa upande mmoja, Mahenge upande wa pili. Katikati ni bonde la Kilombero na mpunga wake, matete na mto. Sisi tunalivuka kwa basi bila kufikiri. Kwa vyura wadogo wa misitu ile ya juu, wasiotaga mayai majini bali huzaa vitoto vilivyokamilika, bonde hili ni bahari. Kila mlima ni kisiwa.

Mwaka 1905 Gustav Tornier alimwelezea kitaalamu chura tunayemwita leo Nectophrynoides viviparus. Kwa zaidi ya karne, ndugu zake wa milima mbalimbali walihesabiwa kuwa yeye yule. Mwaka 2025 watafiti walipima vinasaba, hata vya vyura waliokaa makumbusho miaka mia na zaidi, wakatenganisha spishi tatu mpya. Mmoja ni Nectophrynoides saliensis wa Mahenge, aliyepewa jina la msitu wa Sali.

Jambo hili limenikaa moyoni. Asiyehesabiwa peke yake, hata akitoweka hesabu haipungui. Nawafikiria wavuvi na wafugaji wa bonde hili, wanavyosemewa mikutanoni kwa mafungu, kana kwamba kila mmoja hana kwake wala shida yake.

Na kuchelewa kufahamu kuna gharama. Chura wa korongo la Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache zinazolowa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa Marekani. Waliobaki waliangamia, ugonjwa wa kuvu nao ukichangia, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kutoweka porini. Wazao wa wale waliosafirishwa walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, baada ya kuzalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo.

Umeme ule tunauhitaji, nami nausomea usiku. Ndiyo maana naona tuna deni kwa korongo lile. Chura wa Sali, yeye, amepata jina msitu wake ukiwa bado umesimama. Wenye kupanga barabara, migodi na mashamba ya Mahenge sasa wanaweza kumuulizia kabla ya shoka la kwanza.