Mguu Usiojua Ulipo

Mguu wangu wa kulia umeteguka mara tano tangu kidato cha tatu. Mara ya kwanza ilikuwa netiboli: niliruka, nikatua juu ya kiatu cha mpinzani, kifundo kikakunjika kwa ndani. Zile nne zilizofuata hazina hata stori ya maana. Ukingo wa lami. Kijiwe njia ya kantini. Ngazi za hosteli nikiwa na ndoo ya maji. Ya mwisho nilikuwa natembea tu sehemu tambarare, napiga soga na mwenzangu.

Wanachuo wenzangu, najua siko peke yangu. Kila timu ya kitivo ina wawili watatu wanaofunga bandeji kabla ya mechi kama vile ni sehemu ya jezi. Ukiwauliza, wanakujibu, "Enka yangu ndivyo ilivyo." Mimi pia niliambiwa hivyo, tena na watu wanaonipenda. Nyumbani nilikandwa kwa maji ya moto na chumvi, uvimbe ukashuka, mguu ukahesabiwa umepona. Kumbe uvimbe kushuka ni jambo moja, na kifundo kupona ni jingine kabisa.

Semista iliyopita nilienda kumwona dada mmoja wa fiziotherapia. Nilitarajia mashine. Yeye akasema nivue viatu nisimame kwa mguu mmoja. Wa kushoto, freshi. Wa kulia ukatetemeka, lakini ukasimama. "Sasa fumba macho." Sekunde nne hazikuisha, nikawa nimemshika bega.

Hakucheka. Akaniambia, "Mdogo wangu, macho yako ndiyo yaliyokuwa yanaubeba huu mguu."

Akanieleza kwamba mwili hupata habari za kusimama wima kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na vipokezi vya neva vilivyomo kwenye misuli, kano na maungio. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyouambia ubongo mguu umeinama kiasi gani bila wewe kuutazama. Kifundo kikikunjika kwa ndani, kano za upande wa nje huvutika au kuchanika. Mwaka 1965 daktari wa Uingereza, Michael Freeman, na wenzake walitoa wazo kwamba neva za kwenye kano hizo huumia pia, ndiyo maana mguu huendelea kumwangusha mtu muda mrefu baada ya maumivu kuisha. Tiba waliyopendekeza ilikuwa mazoezi juu ya ubao unaoyumba. Siku hizi wataalamu wanaongeza sababu nyingine, kama misuli ya pembeni mwa muundi kuchelewa kujikaza na nyonga kuwa dhaifu, lakini mazoezi ya mizani yamebaki.

Hapo ndipo nilipoielewa ile ndoo. Umeme umekatika, ngazi huzioni, mkono mmoja una lita ishirini. Macho hayana msaada, kazi yote inabaki kwa mguu usio na habari.

Nikaielewa na netiboli pia. Ukidaka mpira hewani ukatua kwa mguu mmoja, sheria hairuhusu uburute mguu huo wala urukeruke nao. Unatua, unatulia, ndipo unatoa pasi. Yaani mchezo wote unadai kile kile nilichopoteza. Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa mtazamaji, na kiukweli maumivu hayakunitisha. Kilichonitisha ni kuruka bila kujua mguu gani utanipokea.

Mazoezi yenyewe hayana mvuto, tusidanganyane. Sekunde 30 kwa mguu mmoja, mara tatu, karibu na ukuta. Ukizoea, fumba macho. Ukizoea tena, simama juu ya mto, kisha mwenzako wa chumbani akurushie mpira. Baadaye unachora chaki sakafuni mistari mitatu, mmoja mbele, miwili nyuma kwa pembeni. Unasimama kwa mguu mmoja katikati na kunyoosha mwingine ufike mbali uwezavyo, halafu unalinganisha miguu yako. Mwisho ndiyo kuruka na kutua. Mimi nilianza kwa kupiga mswaki nikiwa nimesimama kama korongo, bweni zima likapata cha kuchekea.

Je, inasaidia? Mwaka 2009 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliohusu wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka. Nusu hivi walipewa mazoezi ya mizani ya wiki nane, wakayafanya nyumbani bila kusimamiwa. Ndani ya mwaka mmoja, 22% yao waliteguka tena. Kwa wasiopewa mazoezi hayo, ni 33%. Si muujiza, maana hata waliofanya, mmoja kati ya watano alirudi kule kule. Lakini ni mazoezi ya bure, na kifundo kinachoteguka kila mara kinaweza kukuletea baridi yabisi ya maungio ungali kijana.

Niko wiki ya tisa. Macho yamefumbwa, mguu wa kulia unafika sekunde 26, wa kushoto 30 bila shida. Dada wa fizio ameniruhusu mazoezi ya timu lakini mechi bado, mpaka kutua kwangu kufanane pande zote mbili. Mashindano ya vitivo yako mlangoni na kocha ananitazama kwa jicho la huruma. Nimemwambia asubiri.

Ukiteguka leo ukashindwa kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukiubonyeza, nenda hospitali wakuangalie kama umevunjika. Lakini kama ni enka ya siku zote, ile uliyoambiwa "ndivyo ilivyo", usiikubalie haraka hivyo. Vua viatu, simama karibu na ukuta, fumba macho, uhesabu.