Mfuniko wa Shilingi Elfu Ishirini

Mume wangu ni askari. Alipokuja likizo kutoka Somalia, ambako majeshi yetu ya Uganda yamekuwa yakitumikia tangu mwaka 2007, alitoa akiba yake akanunua gari aina ya Toyota RAV4 la mwaka 1997. Alipokuwa akirudi kazini aliniachia funguo na neno moja tu: "Litunze, Mama watoto."

Magari ya namna hii hayakosekani katika kambi za majeshi wala katika nyumba za polisi. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipokataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, yaliyoko ndiyo hayo hayo, nasi hatuna budi kuyauguza kama wazee wetu. Mpira wa jointi ukipasuka, vumbi huingia na jointi ikaanza kugonga kila upigapo kona. Shokamzoba huchoka, na ukanda wa taimingi hutakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000, japo mwenye gari la mkononi hajui ni lini ulibadilishwa mara ya mwisho. Hayo yote niliyasikia kwa mafundi, nikayaandika katika daftari kwa mazoea yangu ya ualimu. Lililoniumiza halikuwamo daftarini.

Gari lilikuwa likipungukiwa na maji. Kila asubuhi niliongeza kikombe kimoja katika rejeta, maji ya bomba, nikaridhika. Nilipomwuliza fundi wa jirani, alifungua injini, akatoa kidude kiitwacho themostati, akakitupa. "Nchi yetu ni ya joto, Mama," alisema, "hiki ni cha nchi za baridi." Nikamwamini. Nadhani nilimwamini kwa sababu hakunitoza kitu.

Januari 2023 nilimrudisha mama mkwe kwao Kabale. Tulipokuwa tukipanda vilima, mshale wa joto ukapanda nao. Ningalisimama pale pale! Lakini jua lilikuwa likizama, mama mkwe alikuwa amechoka, nami nikajiambia kwamba mji hauko mbali. Baada ya mwendo mfupi moshi mweupe ulitoka nyuma, injini ikazima. Tulilala katika nyumba ya watu wema kando ya barabara, na mama mkwe hakunilaumu hata kidogo, jambo lililonichoma zaidi.

Fundi wa Kabale, mzee wa maneno machache, alichomoa kijiti cha oili akanionyesha: oili imekuwa kama chai ya maziwa. Kisha akauchukua mfuniko wa rejeta, akaubonyeza kwa kidole gumba. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Akanieleza kwamba mfuniko ule si kizibo tu, bali kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke mapema. Pale Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, lakini yakibanwa na mfuniko mzima hupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mfuniko wangu haukubana kitu. Maji yalichemka na kumwagika, silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, ikapinda, na gasketi ikaungua. Maji ya bomba nayo yalikuwa yameleta kutu na kuziba njia za rejeta. Na themostati? Alicheka. Injini isiyo nayo hukawia kupata joto lake na hula mafuta zaidi, hata katika nchi ya jua.

Hesabu ilikuwa hivi: kuvuta gari 150,000, gasketi 185,000, kuchonga silinda hedi 90,000, ukanda wa taimingi na pampu ya maji 260,000 kwa kuwa injini ilikwisha funguliwa, themostati na kulanti 105,000, ufundi 250,000. Mwisho kabisa, mfuniko mpya, 20,000. Jumla shilingi 1,060,000.

Fedha hizo zilikuwa katika bahasha ya karo ya mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa akienda kuanza sekondari. Wenzake waliingia shuleni Februari ilipoanza, naye alikaa nyumbani wiki mbili huku nikizunguka kukopa kwa wafanyakazi wenzangu. Kila asubuhi alivaa sare mpya, akaivua.

Kumwambia baba yake kulinishinda kwa siku nyingi. Aliko ni kwenye hatari, nami naona vibaya kumpelekea mashaka ya nyumbani kwa simu. Hatimaye nilimweleza yote, pamoja na ile bahasha. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Mtoto amekwenda shule?" aliuliza.

"Amekwenda juzi."

"Na huo mfuniko, ulinunua mmoja tu?"

Nikamwambia nilinunua miwili. Wa pili uko kabatini, karibu na daftari.