Kuliko Nani, Mwanangu?

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami kwa yaliyonipata naongeza kwamba kutouliza kuna gharama. Kisa hiki kilitokea mwaka wa 2024 nilipokuwa kidato cha kwanza, na neno lililonitia mashakani ni dogo mno. Lina herufi tano tu. Nitalitaja kwa wakati wake.

Ilikuwa Jumatano, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata nzi wa darasani huwa wamelala. Mwalimu wa Kiingereza akaingia, na mkononi hakushika kitabu bali simu yake. Sote tukazinduka. Nyote mwajua kwamba katika shule yetu ya bweni, mwanafunzi akionekana na simu ana kesi ya kujibu kwa naibu wa mwalimu mkuu. Kwa hiyo kuiona simu ikipita mlango wa mbele bila wasiwasi kulikuwa sinema ya bure.

"Leo tutalinganisha vitu," akasema. Akachora ubaoni miraba minne kama ile tuionayo kwenye kioo cha simu: programu ya kutuma ujumbe, ya ramani, ya kamera na ya kutuma pesa. Chini yake akaandika maneno ya Kiingereza ambayo wengi wetu tuliyajua kwa masikio tu: "download", "update", "battery", "password". Sisi wa Chama cha Kiswahili tukaanza kunong'onezana tafsiri: kupakua, kusasisha, betri, nywila. Kisha akagawa ubao safu tatu. Ya kwanza "fast", ya pili "faster", ya tatu "fastest".

Alieleza vizuri, sina lawama. Neno fupi la silabi moja huongezwa mkia wa "-er" tukilinganisha vitu viwili, na "-est" tukitaja kinachoshinda vyote. Neno refu kama "useful" halibebi mkia, hutanguliwa na "more" au "most". Neno kama "easy" huigeuza "y" yake kuwa "i", tukapata "easier" na "easiest". Tena kuna maneno makaidi yasiyofuata sheria ya mtu: "good" huwa "better" na "best", "bad" huwa "worse" na "worst".

Akataka kila mmoja atunge sentensi moja kuhusu zile programu za simu. Wenzangu wakaanza. Huyu akasema ramani ni "slower", yule akasema kamera ndiyo "the most expensive". Zamu yangu ilipofika nikasimama kifua mbele, nikasema kwa sauti: "This app is more better than that one, and it is the most cheapest!"

Lo! Darasa likaangua kicheko, kikawa kama mabati yaliyonyeshewa mvua ya mawe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kosa langu nalijua sasa. Kichwani nilikuwa nimesema "bora zaidi", sentensi safi ya Kiswahili, kisha nikaitafsiri neno kwa neno. "Zaidi" ikawa "more", "bora" ikawa "better", nikayafunga pamoja kama mzigo wa kuni.

Mwalimu hakucheka. Alituambia kwamba zaidi ya miaka 400 iliyopita Waingereza wenyewe walikuwa wakirundika maneno namna hiyo. Hata katika tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka wa 1963, Shakespeare alimpa Antony sifa yenye "most" na "-est" kwa pamoja. Nikaanza kuinua shingo. "Lakini wewe si Shakespeare," mwalimu akamalizia, "na KCSE haitasahihishwa na yeye." Kicheko kikaanza upya.

Tangu siku hiyo jina langu likapotea. Bwenini, kwenye foleni ya uji, hata uwanjani, niliitwa Mobeta. Nikaapa kulipiza kisasi kwa kukariri. Low, lower, lowest. Cheap, cheaper, cheapest. Nilikariri nikifua, nikakariri nikipiga deki. Muhula wa pili ulipokwisha ningeweza kukutajia safu zote tatu hata ukiniamsha usiku wa manane. Mikia niliijua, lakini kazi ya mikia sikuijua.

Likizo ya Agosti nikarudi nyumbani Kisauni. Mama yangu huuza machungwa na ndizi katika soko la Kongowea, na wakati huo alikuwa amepewa na mjomba simu ya kugusa, iliyotumika kidogo. Kabla ya hapo alikuwa na kabambe yake ya vitufe, ambayo alitumia kupokea pesa za wateja na kunipigia siku za kutembelewa. Hii mpya aliiogopa kidogo. Aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai.

Siku ya nne ya likizo nilikuwa naye kibandani. Biashara ilikuwa imelala, mtaji umekonda, na salio la karo yangu lilikuwa likitusubiri.

"Mwanangu!"

"Labeka, mama."

"Hebu njoo unisomee hapa. Mwenzangu wa kibanda cha pili aniambia kuna programu yakopesha watu bila kuulizwa mengi. Yasemaje?"

Nikaichukua simu. Juu ya kioo kulikuwa na maandishi makubwa ya kijani: "Lower fees. Faster cash. Better life." Mpenzi msomaji, moyo wangu uliruka kwa furaha. Yalikuwa maneno yangu yaleyale! Nikayasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Na maana yake?" mama akauliza.

"Ada ya chini kabisa, pesa za haraka kabisa na maisha bora kabisa."

Nilisema "kabisa" mara tatu. Kwanza lilininogea mdomoni. Pili, nilitaka mama aone kwamba karo yake haikuwa ikipotea bure. Akanitazama kwa fahari, akamtazama na yule mwenzake kuhakikisha kwamba amesikia. Basi tukaipakua ile programu. "Mimi najua kupakua wali," mama akatania, "hii nayo tutashiba?" Tukaweka nywila. Kila ukurasa uliotokea nikabonyeza pa kukubali, mbiombio, kwani mjuzi hasitisiti. Mama akaomba mkopo wa shilingi 5,000.

Haukupita muda simu ikalia. Zilikuwa zimeingia shilingi 4,100. Tukadhani nyingine zi njiani. Tukangoja. Hazikuja. Nikarudi kwenye zile kurasa nilizozirukia, na hapo ndipo nikayaona kwa herufi ndogo kama mchanga: ada ya shilingi 900 hukatwa kabla, na baada ya siku 14 mkopaji atarudisha 5,000 kamili.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya kreti la machungwa, akasema polepole, "Nisomee tena. Neno moja moja."

"Lower," nikasema. Ndilo lile neno la herufi tano.

"Maana yake?"

"Ya chini zaidi."

"Kuliko ya nani?"

Nikaangalia simu. Nikageuza ukurasa, nikarudi. Hapakuwa na "than" popote. Nikanyamaza.

"Mwanangu, hapa sokoni mtu akiniambia machungwa yake ni matamu zaidi, namuuliza kuliko ya nani. Akinitajia, naonja ya huyu naonja ya yule. Akinyamaza, nashika njia yangu. Chama chetu cha akina mama chakopesha 5,000, na baada ya mwezi warudisha 5,250. Sasa ni nani wa chini?"

"Mbona basi hukukopa chamani, mama?"

"Zamu yangu ilikuwa wiki ijayo. Ningengoja. Lakini wewe uliniambia ni ya chini kabisa."

Kicheko cha darasani hakikuniuma kama maneno hayo. Wenzangu walinicheka kwa sababu nilikosea sarufi. Mama alikuwa ameniamini.

Usiku huo usingizi ulinipaa. Nikatoa daftari langu la Kiswahili, nikakuta mahali mwalimu wetu alipotufundisha kwamba "kuliko" imejengwa kwa vipande vitatu, ku, li na ko, yaani mahali ambapo kitu kipo. Tunaposema ndizi hizi ni tamu kuliko zile, ni kama tunazichukua hizi na kuzipeleka pale zilipo zile, zikutane uso kwa uso. Neno lenyewe linadai kitu cha pili. Ukisema "kuliko" kisha ukanyamaza, hata mtoto mdogo atakuuliza, "Kuliko nini?"

Kiingereza nacho kina "than", ambayo hufanya kazi hiyohiyo. Ila "lower" yaweza kusimama peke yake bila "than", ikavaa suti ikapendeza, na msomaji asigundue kwamba sentensi haijaisha. Wanaotangaza biashara wanalijua jambo hilo sana. Wala tusijisifu kupita kiasi, kwani hata "zaidi" yetu yaweza kuning'inia hivyo hivyo. Na kosa kubwa lilikuwa langu. Mahali palipoandikwa "lower" mimi nilisoma "lowest". Safu ya pili niliihamishia ya tatu kwa maringo tu. "Lower" inalinganisha viwili, na cha pili kilifichwa. "Lowest" ingekuwa ahadi ya kushinda vyote, nayo ile programu haikutoa ahadi hiyo. Niliitoa mimi.

Kesho yake nikachukua karatasi ya kalenda ya zamani, nikachora nyuma yake zile safu tatu za mwalimu, kisha nikaongeza ya nne. Juu yake nikaandika: KULIKO NANI? Kila jioni mama akitoka sokoni tuliketi nayo. Akiniona nimeandika "faster", ananiuliza. Nikiandika "better", ananiuliza. Naye kwa kuhesabu ndizi akajifunza yake: "Chipu, chipa, chipesti." Siku moja akanitungia sentensi kamili ya Kiingereza kwamba machungwa yake ni "sweeter than" ya jirani. Jirani alisikia, wakacheka wote wawili.

Deni tulilipa siku ya 13. Mama hakuniambia alivyozipata zile pesa. Nilijua mwenyewe nilipofungua kasha nikakosa leso mpya, doti nzima, aliyokuwa ameiweka kwa arusi ya binti ya shangazi. Muhula wa tatu nilirudi shuleni bila sukari na bila majani ya chai, na sikuthubutu kulalamika.

Niliporudi, mwalimu wetu wa Biashara alitufundisha jambo ambalo laiti ningalilijua mapema. Mwaka wa 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wanaokopesha kwa njia ya kidijitali. Mkopeshaji wa aina hiyo anatakiwa kuwa na leseni, na anatakiwa kumweleza mkopaji gharama zote kabla ya kumpa pesa. Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopata leseni. Nikamwandikia mama barua kumweleza hayo. Lakini kanuni haimsaidii mtu anayebonyeza "nakubali" kabla ya kusoma, kama nilivyofanya mimi.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza akarudi na simu yake. "Nani atalinganisha?" Nikainua mkono. "Mobeta!" mtu akanong'ona nyuma, vicheko vikaanza kuchemka. Nikasimama, safari hii bila kifua mbele, nikasema: "The money was less than we asked for, the time was shorter than a month, and the fee was higher than the one in my mother's chama. The worst word was lower."

Darasa likatulia. Mwalimu akakunja uso kidogo. "Lower than what?" akauliza.

"Hilo ndilo swali alilouliza mama, mwalimu," nikajibu kwa Kiswahili, nikasahau kwamba kipindi kilikuwa cha Kiingereza. Hakuniadhibu. Alinyamaza kwa muda, kisha akageuka akachora ubaoni safu ya nne.

Jina la Mobeta halijanitoka, na sasa nalivaa bila haya. Mara kwa mara wenzangu hubishana bwenini, eti Kiingereza ni bora, eti Kiswahili ni bora, kisha wananiita niamue kwa kuwa ni mwanachama. Mimi huwauliza bora kuliko kipi, na kwa kazi gani? Kwa mtihani wa Kiingereza, nahitaji "better". Kwa kuulinda mfuko wa mama yangu, nilihitaji "kuliko". Nikikosa kimoja, nimechechemea.

Basi mpenzi msomaji, likizo zaja na simu zatungoja nyumbani. Wazazi wetu watatuita tuwasomee kwa sababu wanatuamini. Ukikutana na neno lenye mkia wa "-er", usilitafsiri kwa haraka. Liulize kwanza lile swali la mama. Lisipojibu, rudisha simu kibindoni uende zako.