Kutoka Kireka hadi Mjini Bila Gari

Kireka ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Jinja, yapata kilomita 9 kutoka katikati ya Kampala. Kwa muda wa miaka sita nilikuwa nikiipita barabara hiyo asubuhi na jioni nikiwa ndani ya gari langu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, redio ikiimba. Lau mtu angaliniuliza kama naijua njia hiyo, ningalimjibu pasipo kusita kwamba naijua kama kiganja cha mkono wangu. Muhula wa pili wa mwaka jana ndio ulionionyesha kuwa nilikuwa siijui.

Ilikuwa siku ya Jumatatu. Binti yetu mkubwa alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi, mkoba mgongoni na barua mkononi. Salio la ada lilikuwa shilingi 280,000. Jioni nilipofika, mama watoto alikuwa amekwisha kuketi mezani, daftari mbele yake, na akanitaka tupige hesabu pamoja. Gari langu lilikuwa likinywa lita tatu za petroli kila siku ya kazi, kwa sababu ya kusimama na kuondoka katika msongamano. Lita moja ilikuwa karibu shilingi 5,000. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni shilingi 330,000 kwa mwezi, tusiyahesabu maegesho, matairi wala fundi. Mama watoto alifunga daftari, akanitazama, akaniuliza kwa upole: "Baba, hili gari lasoma darasa la ngapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule tulikubaliana kwamba gari litabaki uani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, nami nitafute njia nyingine ya kufika kazini.

Juma la kwanza nilipanda teksi, yaani yale magari meupe yenye mstari wa vipande vya buluu ubavuni, yachukuayo abiria 14. Ndugu msomaji ambaye huyapanda kila siku atanicheka, lakini kwangu lilikuwa jambo la kujifunza upya. Nilikuwa nimesahau kwamba teksi haiondoki mpaka ijae, na kwamba mtu akitaka kushuka hana budi kupaza sauti mapema na kusema "maaso awo", maana yake hapo mbele, ama sivyo atapelekwa hata kituo kinachofuata. Nilisahau pia kwamba nauli hupanda mvua inaponyesha, na kwamba kondakta hana chenji asubuhi. Hata hivyo, kwa shilingi 4,000 au 5,000 kwa siku nilikwenda na kurudi. Tofauti ilionekana mfukoni kabla ya Ijumaa.

Juma la pili nilijaribu treni. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na wazee waliokaa katika nyumba za reli kule Nsambya husimulia hadi leo habari za safari za Nairobi. Baadaye treni za abiria zilikoma, reli ikawa ya mizigo tu, mpaka mwaka 2015 ilipoanzishwa tena huduma ya abiria kati ya Kampala na Namanve. Kutoka Kireka njia hupita nyuma ya nyumba za watu, karibu na kamba za kuanikia nguo na bustani za sukuma wiki, hata Nakawa, kisha ikaingia stesheni kuu. Humo ndani hakuna msongamano wala honi. Lakini treni ni ya asubuhi na jioni tu, tena haimsubiri mtu. Anayechelewa dakika mbili huachwa, na siku ambazo njia inatengenezwa hakuna treni kabisa. Niliona kwamba ni chombo kizuri kwa mwenye saa za kazi zisizobadilika, si kwa mtu ambaye mkuu wake humwita mkutanoni saa kumi na moja jioni.

Basi ndivyo nilivyoanza kutembea. Sikuanza kwa ushujaa. Jioni moja treni iliniacha, teksi zilikuwa zimejaa, na bodaboda mmoja akanitajia bei ya kunikomoa. Jina hilo la bodaboda, kwa wasiojua, lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha wasafiri kutoka forodha ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, wakinadi "boda, boda". Nilimwambia kijana asante, nikaanza kwenda kwa miguu.

Mbele ya kituo cha polisi cha Jinja Road nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Bwana mkubwa, leo ni wewe?" Niligeuka. Alikuwa tarishi wa ofisi yetu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, koti lake amelikunja na kulitia kwapani. Nilimwuliza anakokwenda. Akasema kwake ni Banda. Nikamwuliza kama hutembea kila siku. Akasema ndiyo, mwaka wa kumi na moja huu, isipokuwa siku za mshahara.

Banda ipo kabla ya Kireka kwa mtu atokaye mjini. Maana yake ni kwamba kwa miaka sita nilikuwa nikimpita mzee huyu barabarani, mimi peke yangu garini na viti vinne vitupu. Tulikwenda kimya kidogo. Kisha nikamwuliza, nusu kwa mzaha, kwa nini hakupata kunipungia mkono. Akanijibu bila uchungu wowote: "Bwana, vioo vilikuwa vimefungwa."

Tangu siku hiyo tulitembea pamoja mara mbili au tatu kwa juma, naye ndiye aliyenionyesha barabara. Alinionyesha mahali pa kutembea penye kivuli asubuhi na mahali pa kivuli jioni. Alinifundisha kuvuka kwa kusubiri pamoja na kundi, wala si kukimbia peke yangu. Katika miti mirefu ya upande wa Lugogo alinionyesha korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, wasimamao kama wazee wa baraza, na akaniasa nisipite chini yao nikiwa na shati jeupe. Penye makutano ya Nakawa nilimjua mama achomaye gonja, na kijana akaangaye chapati za mayai ambazo watu huziita roleksi. Niliona jinsi maji ya mvua yanavyoshuka kutoka vilimani na kukusanyika katika bonde la Kinawataka, upande wa kushoto kwa aendaye mjini, kisha yakaelekea ziwani. Nilikuwa nikilipita bonde hilo kila siku bila kujua kwamba lina jina.

Mwendo wote huo, kwa hatua za kawaida, ulinichukua saa mbili kasoro dakika kumi. Gari langu, siku ya mvua, lilikuwa likitumia saa moja na nusu. Nilidhani nilikuwa nikinunua saa nyingi kwa zile shilingi 330,000, kumbe nilikuwa nikinunua dakika ishirini.

Siyo kwamba yote yalikuwa mazuri. Asubuhi moja, karibu na Banda, gari dogo lilipita katika dimbwi kwa kasi na kunimwagia tope jekundu kuanzia magotini hadi kwenye tai. Dereva hakugeuka. Nilifika ofisini katika hali hiyo, na wenzangu wakaniuliza kama gari limeuzwa au limechukuliwa na wenye deni. Nilijifanya kucheka. Lakini moyoni nilikuwa nikihesabu ni mara ngapi mimi mwenyewe nimepita katika dimbwi lile lile bila kugeuka.

Hatari iliyo kubwa kuliko tope ni kifo. Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu zaidi ya watu 4,800 waliouawa katika ajali za barabarani nchini Uganda, na walio wengi miongoni mwao ni waenda kwa miguu na watu wa pikipiki. Mtu akiwa ndani ya gari husoma hesabu hiyo gazetini na kufungua ukurasa mwingine. Akiwa amesimama ukingoni pa barabara pale Nakawa, lori likimpita kwa umbali wa mkono mmoja, huielewa. Na pale Nakawa ndipo wavukapo watoto wengi, wakiwamo wa kambi ya polisi ya Naguru na wa kambi ya jeshi ya Mbuya, ambao baba zao na mama zao huenda wanausoma ukurasa huu. Nimemwona askari wa usalama barabarani akisimamisha foleni nzima kwa mkono mmoja ili watoto watano wavuke. Siku nilipokuwa dereva nilikuwa nikimlaumu askari wa namna hiyo kwamba ananichelewesha.

Jambo hili lilinikumbusha marehemu baba yangu, aliyekuwa konstebo, nasi tukiishi naye katika kambi ya Nsambya. Alikuwa akifanya doria kwa miguu na kwa baiskeli nyeusi yenye kengele, na alimjua kila mwenye duka kutoka kambini hadi Mnara wa Saa. Alizoea kusema kwamba askari asiyetembea hulinda asichokijua. Mimi, mwanawe, nilipopata mkopo wa mshahara, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa gari, ili watu wajue kwamba sitembei tena kama baba.

Wala hili halikuwa somo la kwanza. Tutakumbuka kwamba tarehe 30 Machi mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, magari ya binafsi yalipigwa marufuku, siku chache baada ya teksi na mabasi kusimamishwa. Mkubwa na mdogo sote tukawa watu wa miguu. Barabara ya Jinja ilikuwa kimya hata ukisikia ndege. Wakati huo nilisema kwamba nimejifunza kutembea na sitasahau. Marufuku ilipolegezwa mwezi Mei, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwasha injini. Mazoea ya kulazimishwa hayadumu. Na mimi nilikuwa sijapiga hesabu.

Sasa nieleze tulipofikia, kwa faida ya msomaji aliye na gari dogo na ada kubwa. Sikuliuza gari. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, au mama mjamzito jirani akihitaji kufikishwa hospitali, hapo gari ni mali. Mgonjwa, mlemavu na mwenye zamu ya usiku hawawezi kuambiwa watembee, na mwanamke aendaye peke yake gizani asishauriwe hivyo pia. Lakini safari zangu za kazini zimegawanyika hivi: asubuhi napanda teksi au treni, ili nisifike nimelowa jasho, jioni mara tatu kwa juma natembea, nikitoka mapema ili giza lisinikute njiani. Nina viatu vya kutembelea, na viatu vya ofisini hulala ofisini. Nikipanda bodaboda ni kwa safari fupi tu, nami huvaa kofia ngumu. Na siku moja ya juma, siku ya mizigo, gari hutoka.

Siku hiyo haliendi na mtu mmoja. Tarishi wetu hukaa kiti cha mbele. Nyuma hukaa mwalimu wa Kireka na mafundi cherehani wawili wa jirani, ambao huchangia petroli kwa kadiri wawezavyo. Vioo huwa wazi, vumbi na liingie. Penye dimbwi la Banda napunguza mwendo hadi gari linakaribia kusimama, na madereva walio nyuma yangu hunipigia honi.

Mwezi wa kwanza tuliokoa shilingi 170,000, baada ya kutoa nauli na petroli ya ile siku moja. Mwezi wa pili tukamaliza salio la ada, na kikabaki kiasi cha kununua viatu vya mvua kwa watoto. Binti yetu huenda shule kwa miguu pamoja na wenzake, kilomita moja na nusu, na mama watoto au mimi humsindikiza hadi penye kivuko cha barabara kuu.

Juma lililopita tarishi hakuonekana ofisini siku mbili, mguu umemvimba. Nilishuka Banda kumwona, nikaipata nyumba yake bila kuuliza, kwa maana naijua njia. Nilimwambia kwamba, mpaka apone, gari litatoka kila siku. Alikataa katakata. "Bwana, na ada ya mtoto?" akasema. Tulibishana kwa muda. Mwisho tulikubaliana siku tatu, na kwamba Alhamisi nitatembea.