Toleo la Kwanza Liko Kalimoni

Mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu, akiwa na laptopu na bando, anaweza kulipwa kuandika karibu chochote. Nimeandika kuhusu mashine za kukata nyasi. Nimeandika kuhusu chakula cha paka, na kwetu Kalimoni paka hula kilichobaki. Mwaka juzi mteja mmoja wa ng'ambo alitaka makala 12 kuhusu albamu za zamani za jazz zinazotolewa upya kwa santuri, kila makala maneno 800. Mimi sikuwa nimenunua santuri hata moja maishani. Nikafanya kile ambacho sisi wa kazi hizi hufanya: nikaenda kusoma wanaokipenda kitu chenyewe wanasema nini, nikakaa huko wiki tatu.

Wasee, wakusanyaji wa santuri wanajua kugombana. Kuna watu wa toleo la kwanza. Hao wakishika albamu ya Blue Note hawaangalii jina la mpiga saksafoni, wanaangalia anwani iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati. Ikiwa imeandikwa 47 West 63rd, hiyo ni ya mwisho wa miaka ya 1950 au mwanzo wa 1960, na bei yake inaweza kukulipia kodi ya bedsitter Juja mwaka mzima. Halafu kuna wale wanaosema toleo jipya likitengenezwa vizuri linashinda la zamani. Wanakutajia Tone Poet, mfululizo ambao Blue Note ilianza 2019: unakatwa kutoka tepu zenyewe za studio, plastiki yake nzito, haina kelele, na kwa dola 30 na kitu unalala nayo leo. Wa tatu wapo pia, wanaosema nyinyi nyote mmepotea, CD inatosha. Hao hakuna anayewajibu.

Kisha ikaja 2022, ikajulikana kwamba MoFi, kampuni ya California iliyojijengea jina kwa matoleo mapya ya hali ya juu, ilikuwa kwa miaka mingi inapitisha muziki kwenye dijitali kabla ya kukata santuri zake. Watu waliokuwa wameapa kwamba wao husikia dijitali hata wakiwa chumba cha pili walikuwa nazo rafuni na walikuwa wamezisifu. Wengine walienda kortini. Nilicheka usiku huo mpaka Guka akagonga ukuta.

Lakini nilipomaliza makala zile 12 kuna kitu kilinikaa kichwani. Ugomvi wote ule unasimama juu ya jambo moja ambalo hawalitaji, kwa sababu kwao ni kama hewa: tepu ipo. Mtu aliirekodi, akaandika tarehe kwenye sanduku, akaiweka kabatini, na miaka 60 baadaye mtu mwingine akaitoa. Sasa hebu tuje huku kwetu.

Guka ana miaka 82. Alikuwa dereva wa lori, akitoa mawe machimbo ya Ndarugo kupeleka Nairobi, na kila akishusha mawe alipitia River Road kabla ya kurudi. Ndiyo sababu chini ya kitanda chake kuna sanduku la mbao lenye santuri ndogo 163 na LP 11. Cucu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hilo sanduku ndilo ploti ya pili ambayo hatukununua.

Ndani kuna jazz, lakini si jazz ya makala zangu. Ni Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, Shirati Jazz, Victoria Jazz. Mkusanyaji wa New York akiwekewa hizi atauliza jazz yenyewe iko wapi. Nilimuuliza Guka swali hilohilo. Akasema jazz maana yake ni bendi iliyovaa suti. Sijaona maelezo bora zaidi, na nilisoma mengi. Enzi hizo jina hilo lilitangaza tu kwamba hawa ni watu wa kisasa, wana magitaa ya umeme, njoo udansi.

Kuna Watanzania wengi sana humo kwa mzee wa Kikuyu wa Kiambu, na hilo lina sababu. Tanzania ilikuwa na bendi nzuri na Radio Tanzania ya kuzirekodi, lakini santuri zilichapwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe akipiga Morogoro, plastiki yake ilitoka Industrial Area. Dereva wa mawe aliipata mapema kuliko mtu wa Morogoro.

Na zilikuwa ndogo, za mizunguko 45. Hili linafaa kuelezwa, maana ndipo tunapoachana na kina Blue Note. Biashara yao ilikuwa LP. Yetu ilikuwa santuri ndogo ya wimbo mmoja. Wimbo mmoja, pande mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anatoa hadithi yake, sauti inafifia. Unageuza. Upande wa pili magitaa yanachukua uwanja na hapo ndipo watu wanacheza kweli. Santuri ya mizunguko 45 pia hupiga kwa nguvu, kwa sababu sindano inapita plastiki nyingi zaidi kwa kila sekunde, na mkataji halazimiki kubana nyimbo tano upande mmoja. Guka hajui habari ya sekunde. Yeye husema ndogo ina kifua.

Kwa hivyo nilipompigia toleo jipya la wimbo anaoujua, limesafishwa, pande mbili zimeunganishwa zikawa kitu kimoja cha dakika nane, alisikiliza kwa heshima kama mtu aliye kanisa la wengine. Wimbo ukaisha.

"Wamepita bila kusimama," akasema.

"Wapi, Guka?"

"Pale pa kugeuza. Hapo ndipo unapata nafasi ya kumwambia mwenye umesimama naye kitu. Huyu hajapewa nafasi."

Sitaki kumfanya Guka mtakatifu wa santuri. YouTube anaitumia kuliko mimi. Wimbo uliopakiwa na mtu asiyemjua, una mikwaruzo kama mahamri yanakaangwa, kwake ni sawa kabisa. Na Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa LP zilizoitwa Ukumbusho, zikikusanya nyimbo zake. Guka alizinunua hizo pia, ingawa nyingi alikuwa nazo ndogo. Nilimuuliza kwa nini ulipie wimbo mara mbili. Akasema ile ndogo ilikuwa ya kuchezea na hii kubwa ilikuwa ya matanga. Yaani kutoa upya si jambo la Wazungu. Tulilifanya wenyewe, tulilichapa wenyewe, na dereva wa lori aliweza kulinunua. Kilichokuja kukatika ni huo mwendo. Kaseti zikaingia, nyingi za wizi, na kufikia miaka ya 1990 biashara ya santuri Nairobi ilikuwa imekufa.

Matoleo mapya ya leo yanatoka nje. Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special 2013, ikarudi na ya pili 2016. Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo wa Zanzibara wenye dansi ya Tanzania ndani yake. Ni kazi nzuri, sitasema vingine. Kwenye ile Kenya Special kuna Nairobi Matata Jazz na kuna Mbiri Young Stars wakiimba Kikuyu, nyimbo ambazo rika langu hatungezisikia kamwe, na vijitabu vyake vimeandikwa na watu waliofanya utafiti. Lakini inunue basi. Dola 30 za santuri, posta, ushuru, na bado huna kinanda. Msee wa Berlin analipata toleo jipya la muziki wa kwetu kwa basi moja. Mimi niko kilomita 35 kutoka River Road na nalisikia kwa simu, kupitia spika iliyopasuka.

Na tepu? Za nyimbo nyingi za santuri ndogo hazijulikani ziliko. Anayetaka kutoa upya basi hutafuta nakala safi ya santuri yenyewe, anainakili, anaipunguza mikwaruzo, anachapa. Ile nakala safi imekuwa ndiyo tepu. Hapo ndipo sanduku la chini ya kitanda linapobadilika bei.

Mwezi wa tatu mwaka huu mtu alinitumia ujumbe. Nilikuwa nimeweka picha za santuri sita za Guka mtandaoni, na moja ilikuwa ya bendi ya huku Thika ambayo sitaitaja, bei isije ikapanda zaidi. Alijitambulisha kuwa mkusanyaji, yuko Ulaya, ana mpango wa kutoa mkusanyiko mpya. Alitaka zote sita kwa shilingi 90,000. Hiyo moja peke yake alikuwa tayari kuilipia 30,000.

Dawa za Guka za presha na sukari ni 6,400 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe, sisi tuliipiga usiku uleule. Mamangu alisema uzeni. Tata akasema hata sanduku lote liende, nani ana kinanda siku hizi. Guka alikaa kimya, akauliza swali moja: huyo mtu akishaichukua, sisi tutaisikia wapi?

Nikaona hapo ndipo penye kesi. Sina shida na kuuza. Kuna wafanyabiashara wa santuri wa kuheshimika hapa, nenda Kenyatta Market kwa Jimmy Rugami uone, na santuri inayopigwa Ulaya ni bora kuliko inayoliwa na panya Kalimoni. Shida yangu ni nakala ya mwisho kutoka nchini kimya kimya, halafu irudi kama toleo jipya ambalo waliopiga muziki huo hawamo hata kwa jina. Nikamwandikia: tutakukodishia, uinakili Nairobi, sisi tukiwepo, na utatuonyesha umekubaliana na nani kuhusu utunzi.

Akajibu kwamba rekodi za umri huo ziko huru. Nusu ni kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hivyo ngoma iliyorekodiwa 1974 ilitoka ulinzini 2024 ilipoisha. Lakini utunzi ni kitu kingine, na huo hulindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Tungo za Mbaraka zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Mtunzi wa hii santuri yetu hatukujua hata kama amekufa. Nilimweleza hivyo huyo mtu, kwa adabu, kwa yale maneno ya makala 12. Alinyamaza siku tisa.

Katika hizo siku tisa nilimfikiria sana Joseph Kamaru. Mzee alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake, naye Joseph Kamaru, yule mwanamuziki anayejiita KMRU, amekuwa akiziweka nyimbo za zamani za babu yake kwenye Bandcamp. Jina lilelile kwenye toleo la kwanza na la pili. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la guka wake wa upande wa baba na watu humsalimia kana kwamba mzee amerudi, kwa hivyo labda si ajabu kwamba toleo jipya ninaloliamini zaidi limetoka nyumbani kwa mwenyewe. Lakini si kila mpiga gitaa aliacha mjukuu mwenye laptopu. Wengi waliacha jina lililochapwa vibaya kwenye karatasi ya katikati, basi.

Siku ya kumi mnunuzi akakubali nusu: 20,000 kuinakili ile moja, irudi kwetu, na atalipa mtunzi au familia yake ikipatikana. Zile tano nyingine, ambazo zina nakala nyingi duniani, Guka alimuuzia tatu kwa 25,000. Mbili alikataa bila kueleza, na hakuna aliyemuuliza.

Kutafuta familia kukawa kazi yangu, ya bure kama kawaida. Nilianza na jina lililo kwenye santuri, nikaongea na wazee wawili waliowahi kucheza kwenye baa za Thika, mmoja akanielekeza kwa fundi wa redio, fundi akanipa namba. Mtunzi alifariki 1996. Aliyeshika simu ni binti yake, anauza mitumba Makongeni. Kwanza alidhani mimi ni tapeli, na sikumlaumu. Mtu akikupigia ati babako ana pesa Ulaya, wewe pia ungekata. Nilipopiga mara ya pili nilimpa Guka simu, wakasalimiana Kikuyu kwa muda mrefu, mvua, mahindi, nani alizaa nani.

Alikuwa hajawahi kuusikia huo wimbo. Babake aliuza zake zote mapema, alisema, pamoja na gitaa. Akauliza kama tunaweza kumpigia hapo kwa simu. Guka alipangusa sindano kwa shati, akaweka upande wa kwanza, nikashika simu karibu na spika. Sauti ilipofifia nikamwambia usikate, kuna part two, na akangoja huku Guka akiigeuza.